Punda wa Kwenda Uchindile

Jua lilipochomoza, Hermenegildi alikuwa ameshaiacha Lumemo nyuma, akielekea vijiji vya Uchindile huko milimani, wala hakugeuka. Jiwe lake la kunolea lilikuwa mgongoni mwa punda, limefungwa pamoja na sufuria na kigunia cha mchele. Yeye alitembea ubavuni, mikono mitupu, akipiga mluzi kama mtu aliyetoka jela. Miezi saba alikuwa amelala chumba kimoja nyumbani kwa Brigita, binti wa marehemu kaka yake, mgongo umemkataa, akihesabu misumari ya bati. Kwa mtu aliyenoa visu na miundu kuanzia Kilosa hadi Songea, ilikuwa kama kuzikwa huku unasikia watu wanapika.

Ni yeye mwenyewe aliyemchagua punda huyo. Brigita alikuwa na watatu, wa kubebea mpunga kutoka mashambani hadi mashineni. Majirani walimsifia dume kubwa lenye manyoya ya kung'aa, mzee akacheka. Ujanani aliwahi kutunza farasi wa mzungu mmoja kule Arusha, farasi wa mashindano ya safari ndefu, na huko alijifunza kutodanganywa na unene. Aliwatembeza wote watatu mpaka mtoni na kurudi, kisha akatega sikio nyuma ya mguu wa mbele wa kila mmoja, kusikiliza moyo unatulia lini. Dume lilihema mpaka chai ikachemka. Kidatu, jike dogo lenye kwato ngumu, alitulia kabla hajafunguliwa kamba.

Lakini Kidatu ndiye ambaye Brigita alimwekea matumaini ya uzazi. Hakukubali apandwe na dume la nyumbani, kwa kuwa walitoka tumbo moja. Alimpeleka kwa miguu hadi Malinyi, kwa dume alilolikagua meno, miguu, hata tabia. Hiyo ilikuwa Julai ya mwaka uliotangulia. Aprili ilipopita bila mtoto, Hermenegildi ndiye aliyehesabu kwa vidole, mbele ya watu, akatamka kuwa punda ni tasa. Nyumba nzima ilimwamini. Punda walikuwa wamewajua juzi tu. Walichokijua ni ng'ombe wa majirani, na ng'ombe ni miezi tisa. Naye hakuwaambia kwamba farasi wa yule mzungu wote walikuwa wamehasiwa, hakuona hata mmoja akizaa.

"Basi mchukue, Baba mdogo," Brigita alisema, macho yakiwa chini. "Ila usimchoshe."

Siku ya tatu, walipokwisha kuipita Namawala, walipumzika kando ya malisho. Mzee akatega sikio kwa mazoea. Moyo ulikuwa unakimbia. Alisubiri, akasikiliza tena, bado. Akapitisha mkono tumboni kulegeza kamba, na kitu kikamsukuma kiganja kutoka ndani.

Mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akichunga hapo, Nkwimba, alikuja na shikamoo yake na kisu cha kunolewa. Mzee alimweleza. Mama akainama, akapapasa kiwele, akasema kimejaa. Mzee akabisha kwamba miezi tisa ilikwisha zamani.

"Babu, umemhesabia kama ng'ombe?" Nkwimba alijizuia kucheka, akashindwa. "Punda ni mwaka mzima, na akitaka anaongeza mwezi."

"Na nikipanda naye Uchindile?"

"Na hilo jiwe? Ataharibu mimba kwenye kilima cha kwanza. Labda umbebe wewe."

Hermenegildi alinoa kisu, akaaga, akashika njia ya milimani. Nyayo zilimwasha. Nani angejua? Wote walikuwa wameamini ni tasa, kwa neno lake. Damu ya kwenye majani haina shahidi. Fisi wangesafisha kila kitu. Na yeye je, safari ngapi zilibaki miguuni mwake? Akirudi leo, mgongo huu utamruhusu kutoka tena lini? Alihesabu hatua zake, kama mia mbili. Kidatu alifuata bila kuvutwa, masikio mbele, akiamini njia kwa sababu yeye aliishika. Ni hapo mzee aliposimama, akalaani kwa Kipogoro, akafungua kamba za mzigo.

Jiwe aliliacha kwa Nkwimba. Kurudi kulichukua siku tano, maana kila kivuli walikaa. Watu njiani walimuuliza amesahau nini.

Brigita alikuwa uani akipepeta mchele.

"Mwanangu, nilihesabu vibaya," alimwambia. "Ana mimba."

Brigita akaweka ungo chini. "Ulimwita tasa mbele ya watu, Baba mdogo."

"Waite walewale. Nitasema."

Akasema, nao walicheka hadi mtu akalalia mkeka.

Kidatu alizaa tarehe tisa Julai, jike, miguu mirefu. Brigita hakumtwika mzigo hadi mtoto alipoachishwa, na mtoto naye hatapelekwa kwa dume kabla ya mwaka wa nne. Dume kubwa lilihasiwa, linabeba mpunga. Nkwimba alihama na ng'ombe wake kuelekea Malinyi, jiwe akaliacha kwa mwenye mashine wa Namawala, nalo bado liko pale. Hermenegildi alikaa Lumemo hadi Septemba, kisha asubuhi moja akapanda treni. Waliokuwa naye behewani wanasema alishuka Mlimba, kabla ya kufika milimani. Watu wa Uchindile hawajamwona hadi leo.