Shela la Masikio Nje

Dada yangu alianzisha shirika la masista walimu, na kila anayesimulia maisha yake huanza na sala. Mimi nitaanza na masikio, kwa sababu mimi ndiye fundi wao wa nguo na shela lao nililikata kwa mkono wangu.

Mashela mengi ya watawa hufunika masikio. La kwetu linapita nyuma ya masikio na kuyaacha nje yote mawili, na mwenye masikio makubwa hana pa kuyaficha. Shirika lina jina refu lenye mtakatifu ndani yake, ila sijasikia mtu akilitaja lote bila kuvuta pumzi katikati. Watoto waliwaita Masista wa Masikio tangu mwanzo, jina likaganda.

Chanzo cha yote ni mimi. Tulisoma chumba kimoja, wakubwa na wadogo pamoja, na sisi wageni, tuliohamia karibuni, tuliwekwa nyuma kabisa. Siku moja nilibanwa, nikaomba ruhusa ya kwenda nje. Sauti yangu ilikuwa ya kifaranga na mwalimu alikuwa anaandika ubaoni. Nikaomba tena, nikaomba tena, mwisho nikajikojolea. Nasema waziwazi, umri huu haya nimeshaziacha njiani. Darasa likaangua kicheko, mwalimu akageuka, akanichapa kwa kuchafua sakafu.

Dada alisimama bila ruhusa. Alivua sweta yake, akanifunga kiunoni, akanishika mkono tukatoka. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mwalimu asiyesikia wa nyuma asifundishe." Alikuwa mtoto bado, lakini amri alishaanza kuzitoa.

Alipokua aliingia utawa kwa masista wengine, wenye kanisa zuri na bustani iliyopangwa. Akaomba kufundisha. Wakaona mdomo wake ulivyo, wakampeleka kufua. Akaomba tena, akaambiwa asali kwanza. Akasali, akarudi kuomba. Mwishowe mkuu wao alichoka, akamwambia aende kwa askofu, nadhani ili kero ihamie huko. Askofu alimpa ghala la zamani la ngozi, lililonuka hadi nguo zetu zikanuka, na ruhusa ya kujaribu. Alianza na wasichana wawili wa kumsaidia, na mimi na cherehani yangu pembeni. Niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, na muda wote huo sikuacha kuwashonea.

Vazi lilipopelekwa kwa askofu, padri mmoja mzee alikuja juu. Mtawa masikio nje kama mwuza samaki! Dada akamgeukia askofu.

"Baba Askofu, mtoto wa darasa la kwanza hasemi, ananong'ona. Nikifunika masikio nitawasikia wa mbele tu, na wale hata kiziwi anawasikia."

Askofu alicheka, akakubali. Padri alinuna miaka mingi, na kila akiniona alinitazama kama mimi ndiye niliyemvua mtu nguo.

Katika kanuni za shirika, katikati ya sala na mifungo, Dada aliweka na hii: mwalimu asiyemsikia mtoto wa dawati la nyuma aweke chaki chini. Kila mwaka mama mkuu huingia kila darasa, hukaa nyuma kwenye benchi la watoto, na hasemi neno mpaka kengele ilie. Hakuna sista anayesamehewa. Masista wazuri tu waliweka chaki chini kwa kanuni hiyo, wakaenda jikoni, wakaenda ofisini. Mmoja alilia kwangu mchana kutwa. Dada alikuja kumbembeleza, akamletea na chai, ila chaki hakumrudishia.

Uzee ulipombishia hodi, uongozi aliuacha bila ubishi. Waliyemchagua kushika nafasi yake alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mtu mpole, anayeniita Shangazi. "Umama mkuu chukueni," Dada alisema. "Darasa la kwanza niachieni." Wakamwachia. Ndicho kitu pekee alichowahi kukitaka, na alikitaka tangu siku ile ya sweta.

Kwamba hasikii nilijua kabla ya masista wenzake. Alikuwa amekaa nyuma yangu katika duka langu la ushonaji, mimi nimeinamia cherehani. Nikamuuliza kama atakunywa chai. Kimya. Nikauliza tena. Kimya. Nikamtupia tusi dogo la utotoni, lile la pua yake. Kimya. Hapo moyo wangu ulishtuka, kwa maana Dada tusi halijawahi kumpita bila kulijibu. Nikageuka.

"Dada, husikii."

Alinitazama midomo. "Cherehani yako ina makelele."

Cherehani ilikuwa imesimama.

Watoto wa darasa lake walishagundua zamani. Mwenye neno alitoka kwenye dawati, akaja mbele, akamtazama usoni ndipo aseme. Wageni walisifia adabu yao. Dada aliitikia sifa hizo bila kupepesa macho, na mimi nilimcheka, lakini kicheko changu hakikuwa na raha.

Ukaguzi ulipokaribia, alikuja dukani akakaa bila kuvua viatu.

"Wakinitoa darasani nitabaki picha ya ukutani," alisema. "Sebuleni wameshanitundika."

"Si useme tu? Wakununulie vile vifaa vya masikioni."

"Nimeshavijaribu hospitali. Vinavuma tu." Akashika ukingo wa meza yangu. "Naogopa, mdogo wangu."

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. Nikamkunjia mikono ya gauni, ilikuwa mirefu.

Siku ya ukaguzi nilikuwa barazani pale shuleni, nimeweka cherehani chini ya dirisha la darasa lake, nashona sare zilizochanika kama kila mwisho wa muhula. Nilichagua dirisha lile makusudi, sidanganyi. Mama Mkuu alikuwa ameshakaa benchi la nyuma, magoti yamemfika kidevuni. Pembeni yake alikaa msichana mdogo aliyehamia juzijuzi tu, ambaye njama ya wenzake alikuwa hajafundishwa.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Watoto walitoka mbele mmoja mmoja, wakasema kwa sauti, Dada akajibu, akatania, akaandika ubaoni kwa mwandiko wake ulionyooka. Nikaanza kupumua. Nikakanyaga cherehani, nikazama kwenye pindo la sketi.

Nilipoinua kichwa, watoto wote walikuwa wamegeuka nyuma. Nikasimamisha gurudumu. Ndipo Dada naye alipoona vichwa vimegeuka, akageuka kutoka ubaoni. Msichana alikuwa amesimama, analia bila sauti, na chini ya miguu yake sakafu imelowa. Kuna aliyetaka kucheka, wenzake wakamfinya.

Dada alishuka hadi nyuma. Alivua sweta yake, akamfunga yule mtoto kiunoni, akachuchumaa mbele yake, uso kwa uso.

"Uliniomba ruhusa?"

Mtoto akatikisa kichwa kukubali.

"Mara nyingi?"

Akatikisa tena.

Kengele ililia. Mama Mkuu alitoka barazani kwangu, macho mekundu. "Shangazi, mimi sikuona kitu," alisema haraka haraka. "Mtoto mgeni. Tumbo linamsumbua. Haya mambo hutokea kwa mwalimu yeyote." Alikuwa anatafuta mtu wa kumkubalia, na Mungu anisamehe, nilimkubalia.

Dada alikawia ndani. Alipiga deki mwenyewe, kisha akatoka na ndoo mkono mmoja na chaki mkono wa pili. Chaki akaiweka juu ya meza ya cherehani.

"Ulimsikia mtoto alichosema?" akamwuliza Mama Mkuu.

Mama Mkuu aliinamisha kichwa, akasema kitu kwa sauti ya chini. Mimi nilimsikia. Alisema, "Nisamehe, Mama."

"Inua uso, mwanangu," Dada alisema. "Nisipokuona mdomo sikusikii."

Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema hilo mbele ya mtu wa shirika. Mama Mkuu aliinua uso.

"Nilimsikia, Mama. Tangu mara ya kwanza."

"Basi kanuni iko pale pale. Kesho tafuta mwingine, na awe kijana." Akampigapiga begani kama alivyokuwa akimpiga alipokuwa mwanafunzi, akamwomba arudishe ndoo. Yule akaondoka nayo, anafuta machozi kwa kiganja.

Tukabaki wawili.

"Kitambaa cheupe kimebaki?" Dada akauliza.

"Kipo."

"Nishonee shela. La kufunika masikio."

Nilichemka. Nilimwambia amepigana na padri mzima kwa ajili ya masikio yale, kwamba mimi nilitazamwa vibaya miaka mingi kwa sababu yake, na kwamba sikushonei, nenda kwa fundi mwingine. Nilisema yote hayo nikimtazama usoni ili asipitwe na hata moja. Alingoja nimalize.

"Watoto wakiyaona nje watadhani yanafanya kazi," alisema. "Watanifuata uwanjani wanieleze shida zao, na mimi nitakuwa naitikia kwa kichwa tu. Nishonee, mdogo wangu."

Nilitoa futi ya kupimia. Alikaa kwenye kiti changu, akavua shela lake, na kichwa chake kilikuwa cheupe chote. Nikaweka pini mdomoni, nikazunguka nyuma yake kupima toka kisogoni. Nikiwa huko nyuma nilisema, kupitia katikati ya pini, jambo ambalo maisha yangu yote sikuwahi kumwambia. Nilimwambia asante kwa siku ile.

Hakugeuka. Alikuwa anatazama uwanjani, watoto walikuwa wanatoka.

Nikatema pini mkononi, nikazunguka mbele, nikamshika kidevu, nikasema tena polepole, "Asante, Dada. Kwa siku ile shuleni. Ulivyonitoa nje."

Alinitazama midomo mpaka mwisho. Machozi yalimjaa, lakini yeye ni yeye.

"Ile sweta hukuirudisha mpaka leo," alisema. "Na hii ya leo nayo ndiyo imekwenda."

Nikarudi nyuma kupima, kwa sababu nilikuwa sijamaliza.