Masweta ya Mama

Amna, mama yake Ruwaida, hakuiweza baridi ya Mbalizi, Mbeya. Miaka yote aliyokaanga vitumbua mbele ya duka la mumewe alivaa masweta mawili juu ya dera, la kijani ndani na la kahawia nje, na watu walimtania mpaka wakachoka wenyewe. Alipolazwa kwa nimonia alimwambia bintiye mchoraji, "Ukija kunichora, unichore na masweta yangu. Nisije nikaganda huko ukutani." Wakacheka wote. Wiki haikuisha, akafariki.

Ruwaida hakulia. Watu walimsema, na wacha waseme. Alirudi chumbani kwake Kihesa, Iringa, akamchora mama yake: vitumbua, ukungu, masweta yote mawili. Hakusikia uchungu wala raha.

Ndipo mratibu mmoja wa maonyesho ya picha huko Ulaya, mama wa Kizungu, akamwandikia. Alitafuta wasanii wa Komoro, na bibi yake Ruwaida alitoka Ngazija, kisiwa kimojawapo cha huko. Basi! Mtu kazaliwa Mbeya, bahari kaiona kwenye kalenda, leo msanii wa visiwa. Lakini ilikuwa bahati yake ya kwanza tangu ashike brashi. Nani angeipiga teke?

Akatuma picha kwa simu. Mratibu akajibu kwa upole wote: uso mzuri sana, ila watazamaji hawatauelewa. Ukungu uwe bahari. Na hayo masweta ayatoe, tafadhali, maana kisiwani hakuna baridi.

Mwenye nguvu mpishe. Ruwaida akachanganya rangi, akaanza na sweta la kahawia, kisha la kijani. Akamvika mama yake leso nyepesi ya maua, na nyuma yake akamwaga buluu ile ile ya kalenda. Alijiuliza kama ana moyo kweli, na hata hilo halikumuuma.

"Sasa naisikia sauti yako," mratibu akaandika.

Siku ya kuifunga picha isafirishwe, baba yake, mzee Yunusu, alikuja kutoka Mbalizi kumwona mkewe kabla hajaondoka. Aliisogelea picha.

"Ndiye," akasema. "Ndiye kabisa. Masweta yake yako wapi?"

"Wamesema kisiwani hakuna baridi, baba."

"Kisiwani yeye kaenda lini?"

Mzee hakugomba, na jamani, heri angegomba. Alivua koti lake, akamfunika mkewe mabegani, kama alivyomfunika kila alfajiri pale dukani.

"Rangi ya mafuta haijakauka vizuri, baba. Koti litachafuka."

"Lichafuke."

Hodi ikapigwa. Alikuwa Aroni, mfungaji wa mizigo, na maboksi yake.

"Picha ndiyo hii, dada? Na koti hili je, nilitoe?"

Ruwaida alimtazama baba yake, amesimama na shati tupu. Akalivuta koti vizuri mabegani mwa mama yake.

"Lifunge humohumo," akasema. "Huko anakokwenda kuna baridi."