Tairi Nyembamba za Metrine

Sharti lilisemwa mezani, juu ya wali na samaki wa kukaanga, na lilikuwa fupi: Metrine akikwama kwenye Mbio za Tope za Minjila, hata mara moja tu, akavutwa na trekta, funguo za Subaru zinarudi kwa babake siku hiyohiyo na gari linaanza kubeba ndizi.

“Gari likishavutwa si la mbio tena, ni la kazi,” alisema Mzee Nehemiah huku akichambua mwiba. “Na trekta nitakuja nayo mwenyewe.”

“Njoo nayo, Baba. Beba na kiti, ukae vizuri uangalie.”

“Mdomo huo ungekuwa injini, ungeshafika Hola.”

Metrine akacheka, lakini moyoni hakucheka hata kidogo. Ile Subaru Mzee aliinunua kwa bwana shamba mmoja aliyehamishwa, ikamfia, akaiacha nyuma ya nyumba pale Ngao miaka mitatu. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Metrine aliporudi kutoka chuo cha Mombasa na diploma yake ya umakanika, aliwahamisha kuku, akaifungua injini yote akaitandaza juu ya magunia, akairudisha kipande kwa kipande kwa miezi minane. Siku ilipowaka, kijiji kizima kilisikia. Sasa leo ibebe ndizi? Thubutu!

Tatizo lilikuwa tairi. Zilikuwa zimeisha, ukizipitishia mkono ni laini kama kichwa cha Mzee Nehemiah. Mbio zilikuwa Jumamosi, leo Jumatano, na mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Uwezo wake ulikuwa wa seti moja tu, kwa hiyo akikosea kuchagua amekosea.

Akaenda Garsen kwa Danson, yule muuza tairi anayesifia mali mpaka unaona haya kutonunua. Aliandamana na Abdia, rafiki yake wa Minjila, msichana wa Kiorma waliyesoma naye chuo kimoja. Abdia alisomea upimaji ardhi, na siku ya mbio yeye ndiye angekaa kiti cha pembeni na ramani, kumwambia dereva kona iliyo mbele.

“Dada, hizi ndizo,” Danson alisema akivingirisha tairi moja mpaka miguuni pa Metrine. Ilikuwa pana, fupi ya ubavu, nyeusi ya kung'aa, michirizi yake imechorwa kama mishale. “Hizi ni za spidi. Ukivaa hizi gari linashika lami kama kupe.”

Metrine akachuchumaa, akaipapasa. Jamani, ilikuwa nzuri! Kichwani alishaiona Subaru imezivaa, imekaa chini, imetanua kifua.

“Nachukua,” akasema.

“Huchukui,” Abdia akasema.

“We Abdia!”

“Hiyo lami litakayoishika kama kupe iko wapi? Mbio zinapita mbugani.”

“Ndiyo maana nataka pana. Mimi nimezaliwa mtoni, tope nalijua. Mtumbwi unapita mahali mguu unazama, kwa nini? Una tumbo pana, unalilalia tope. Hata ukishuka ukingoni unatandika ubao ndio ukanyage. Kitu chembamba kinazama, kipana kinaelea. Hiyo hata mtoto wa kule Kau mtoni anajua.”

Abdia akamtazama vile mtu anavyomtazama ndama aliyeingiza kichwa kwenye ndoo.

“Mtu wa maji wewe. Tope la mtoni ni tope la mtoni. Twende nikuonyeshe letu.”

“Nyie watu wa mikia kila kitu mnataka kukionyesha kwa ng'ombe.”

“Leo si ng'ombe. Leo ni ngamia. Danson, usiuze hizo tairi.”

“Nimuuzie nani, dada, mvua hii?” Danson akajibu kwa huzuni.

Wakapanda boda mpaka nje ya Minjila, wakashuka pale mbuga inapoanza. Udongo mweusi ulikuwa umelowa, unang'aa kama umepakwa mafuta. Metrine alikuwa amevaa gambuti za babake, pana kama pasi za makaa. Hatua ya tatu, mguu ukaenda Lamu na mwingine ukaenda Malindi. Akakaa chini, pwaa!

“Umeelea?” Abdia akauliza.

“Nyamaza.”

“Sasa ukiwa hapohapo chini, angalia.”

Asubuhi ngamia wa wafugaji wengine walikuwa wamevuka pale. Alama zao zilionekana wazi: duara kubwa, pana, halafu mburuzo mrefu kama mtu aliyefuta ubao kwa kiganja. Duara, mburuzo. Mahali pengine mnyama mzima alikuwa amelala ubavu. Na pembeni kulikuwa na njia ya punda wa kuteka maji: vishimo vidogo vyenye kina, vimenyooka mstari mmoja, hakuna hata kimoja kilichoteleza.

“Ngamia ana mguu mpana wa mchanga,” Abdia akasema. “Kwenye mchanga, mfalme. Kwenye udongo huu analia, maana anakaa juu ya utelezi tu. Punda kwato yake ni nyembamba. Inakata utelezi, inashuka mpaka inagusa pagumu. Sisi mvua ikinyesha hatumpangi ngamia safari, tunampanga punda. Ingiza kidole.”

Metrine akaingiza kidole kwenye kishimo cha punda. Tope, tope, tope, halafu chini kabisa, pagumu kama sakafu. Akaingiza kwenye kingine, na kingine, akapima vishimo tisa kwa kidole kilekile. Chuo walimfundisha habari za mshiko wa tairi kwa mahesabu ya ukurasa mzima, na hakuna mahali palipotajwa punda.

“Abdia.”

“Naam.”

“Nimepapasa tairi ya ngamia nikaipenda.”

“Ulikuwa unaibusu kabisa.”

Walirudi kwa Danson wote wawili na matope mpaka kiunoni. Metrine akasema anataka nyembamba, ndefu ya ubavu, yenye meno. Danson akasikitika kama amefiwa, akaingia stoo, akatoka na seti. Metrine hakuangalia urembo safari hii. Aliinama ubavuni akasoma tarakimu nne za mwisho, zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, akabonyeza mpira kwa ukucha. Ukucha ukakataa kuingia.

“Danson, hii tairi ingekuwa mtoto, ingekuwa darasa la tatu. Imekauka. Leta nyingine.”

“Dada, tairi haiozi!”

“Mkate nao hauozi, unakauka tu. Leta nyingine.”

Akaleta tatu, zikakataliwa zote. Jua likawa limeinama ndipo akavuta kutoka chini kabisa, chini ya mifuko ya saruji, seti iliyoagizwa na mtu asiyerudi: nyembamba, ndefu, meno makubwa kama ya mamba, mpira laini, umri wake hata mwaka haujatimia. Metrine akachukua tano, ya akiba ikiwemo.

Jumamosi pale Minjila, Jasper wa Garsen, aliyekuja na gari jekundu lenye tairi zilezile za mishale, alizunguka Subaru akishika mbavu.

“Metrine! Umevua boda ya nani tairi?”

“Ya mamako,” Metrine akasema, “ameniambia nikurudishie jioni.”

Watu wakaangua kicheko. Jasper mwenyewe akacheka. Halafu bendera ikashuka.

Kilomita arobaini za kuzungukazunguka, kutoka Minjila kukata mbuga mpaka ukingo wa mto karibu na Ngao. Kwenye mbuga Subaru ilikwenda kama punda aliyenusa nyumbani. Ilitikisika, ilirusha tope mpaka juu ya paa, lakini usukani ulikuwa mkononi mwa Metrine wakati wote. Kila tairi ilikata, ikashuka, ikagusa pagumu, ikasukuma. “Kushoto, kaza! Shimo! Kulia polepole!” Abdia alikuwa anapiga kelele. Kilomita ya kumi na tisa wakampita Jasper. Gari jekundu lilikuwa limegeuka linatazama lilikotoka, tairi zake pana zimejaa udongo, hazina mshale wala nini, mandazi manne meusi.

Wakawa wa pili. Kisha mbuga ikaisha, na mbele kukawa na mchanga.

Ukingo wa mto. Mita mia tatu za mchanga mzito, mlaini, na baada yake kamba ya kumalizia. Na pale kando, juu ya trekta nyekundu ya kikundi cha wakulima, Mzee Nehemiah amekaa na mnyororo mapajani.

Metrine akakanyaga breki.

“Unafanya nini?” Abdia akapiga ukelele. “Wa tatu yuko nyuma yetu!”

“Punda hapa anazama. Hapa ni kwetu.”

Akaruka nje na kipimo cha upepo na kijiti. Akabonyeza valvu ya kwanza, ssss. Tairi ikaanza kukaa chini, ikatanua tumbo juu ya mchanga kama mtumbwi. Ya pili. Pikapu nyeupe ikawapita kwa kishindo, kifua kipana juu ya mchanga, dereva akapunga mkono. Abdia akashika kichwa. Honi ya gari jingine ikasikika mbugani. Metrine hakuinua macho. Ya tatu. Akapima, akarudia, maana alitaka zote ziwe sawa. Ya nne.

“Twende!”

Hakukanyaga mafuta kwa pupa. Aliiacha itambae. Mchanga ulilia chini yao, pua ya gari ikainama mara moja, Abdia akafumba macho akaanza kumtaja Mungu, gari likajiinua, likatambaa, likatambaa, na kamba ikapita juu ya kioo. Wa tatu! Na watatu wa kwanza ndio walikuwa wanapelekwa mashindano ya Pwani nzima kule Kilifi. Abdia alitoka kupitia dirishani, mlango aliusahau.

Metrine akarudi kwa miguu mpaka kwa babake. Mzee alikuwa bado juu ya trekta, ametulia kupita kiasi.

“Sijavutwa, Baba.”

“Nimeona.”

“Basi shuka tukapige picha.”

Mzee Nehemiah akakohoa. Akatazama mto. Hapo ndipo Metrine alipotupa jicho chini: magurudumu ya nyuma ya trekta yalikuwa yamezama mpaka katikati. Alikuwa amewahi alfajiri kupata nafasi nzuri ya kumwona binti akikwama, na saa zote hizo ukingo ulikuwa unammeza taratibu.

“Hicho kijiti chako,” Mzee akasema kwa sauti ya chini, “kinafaa na valvu ya trekta?”

“Kinafaa. Lakini Baba, mezani tulisema aliyekwama anarudisha funguo.”

Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa ule ufunguo wa akiba wa Subaru aliokuwa akitembea nao tangu siku ilipowaka, akamwekea kiganjani.

“Anza na gurudumu la kushoto,” akasema. “Hilo ndilo limezama zaidi.”