Sikio la Kulia

Mwaka 1966 Rangwe yote ilijua kwamba mimi, Elijah, baba yake Filister, ni mtu wa Kiswahili. Niliwaambia mwenyewe. Kwa hiyo Daktari Walter, Mzungu aliyejifunza lugha hiyo Tanganyika, aliponiajiri kutunza kondoo wa utafiti nyuma ya hospitali, nilimhakikishia kwamba hakuna neno litakalonipita.

Utafiti ulihusu wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo. Ili mgongo usiporomoke, pingili zake huunganishwa kwa mfupa uliokatwa nyongani mwa mgonjwa mwenyewe. Lakini wengine wamekonda mno, nyonga haina cha kukatwa. Daktari akataka kujua kama mfupa wa ndama ungefaa badala yake. Alikuwa na chupa mbili: mfupa uliochemshwa na mfupa uliolowekwa dawa. Akapasua migongo ya kondoo kumi na wawili, sita kwa kila chupa, na kila mmoja alipozinduka mimi nilimkata alama.

"Wa dawa, sikio la kulia," alisema. "Wa kuchemshwa, la kushoto."

"Ndiyo, Daktari," nikajibu, kifua mbele.

Baada ya miezi minane kondoo wakachinjwa. Migongo ya wenye alama kulia ilikuwa imeungana imara. Ya wale wengine ilikunjika mkononi. Daktari akaandika kwamba mfupa wa dawa umeshinda, na kwamba Jumatatu atawekewa Kezia, mwalimu wa Rodi Kopany aliyekuwa amelala chali ndani ya plasta ngumu iliyomfunga kiwiliwili mwaka mzima, akihesabu siku za kurudi darasani.

Nami, mtu wa sifa, nikaenda wodini kwake kujigamba, kwa Kiswahili changu.

"Nyathina, mtoto wangu, wale kondoo ni mimi nilikata alama. Wa dawa, sikio ya kulia. Hapa." Nikagusa sikio langu.

Kezia akacheka hadi machozi. "Baba Filister, hiyo ni kushoto!"

"Kulia. Kula si ni chamo kwa Kijaluo? Basi kulia ni acham!"

"Acham ni kushoto. Kulia ni achwich, mkono ile watu wanakula nayo. Kwani wewe unakula na gani?"

Nikautazama mkono wangu. Miaka arobaini nimeutia kwenye kuon, ugali wetu, kila jioni, na sikuwahi kuuliza unaitwaje kwa Kiswahili. Kezia aliendelea kucheka. Hakujua alichoniambia.

Nikatoka nje. Nakiri, nilichowaza kwanza hakikuwa mgongo wake. Niliwaza Rangwe itasema nini. Nilizunguka banda tupu la kondoo mara nne nikitafuta njia ya kuwa sikukosea, na kama ingekuwepo ningeipata, maana kwa visingizio sina mpinzani. Kisha nikaukumbuka ule mgongo uliokunjika mkononi: kumbe huo ndio uliokuwa wa dawa, ile ambayo Kezia angewekewa Jumatatu. Nikaogopa sana. Nikagonga mlango wa Daktari.

Hakunigombeza. Alisikiliza yote, acham na achwich, kisha akavua miwani.

"Una hakika uliwakata wote hivyo?"

"Wote, Daktari. Hakika kabisa."

"Hata siku ile ulikuwa na hakika."

Hakukubali kutia ndani ya mgongo wa mtu kitu kilichotegemea neno langu, chupa hii wala ile. Kondoo kumi na wawili wengine wakanunuliwa, na safari hii masikio aliyakata mwenyewe. Kezia angengoja miezi minane zaidi.

Niliomba nimpelekee habari mimi. Nilimweleza polepole, kwa Kijaluo, nisije nikaharibu tena. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitamani anitukane. Badala yake akajaribu kunipa mgongo, akajikaza mpaka kitanda kikalia, lakini plasta haikumruhusu. Akafumba macho.

Basi nikamsaidia hilo moja nililoliweza: nikageuka mimi, nikatoka.