Taa ya Kijani ya Shangazi

Shangazi msusi alikuwa na saluni, tovuti ya kuwekea miadi, na mdomo usiojua kufunga mlango. Mpwa wake, fundi wa programu, alikuwa amechoshwa na zile sera za faragha ndefu kama treni, ambazo watu hubonyeza "nakubali" bila kusoma hata mstari. Akaunda programu ya kuwasomea: mwenye tovuti anajibu maswali machache kwa mtindo ambao mashine inauelewa, na simu ya mteja inawasha taa nyekundu au ya kijani. Akaanza na tovuti ya shangazi, maana mcheza kwao hutunzwa.

"Shangazi, unakusanya taarifa gani za wateja?"

"Zote. Mtu akishalaza kichwa kwenye beseni, anasema mwenyewe."

"Unazihifadhi kwa muda gani?"

Shangazi akang'ata kitana, akafikiri kwa dhati. "Mpaka mteja anayefuata akae kitini."

Mpwa akaandika hivyohivyo. Mashine ikaona hapa taarifa hazikai hata saa moja, ikawasha taa ya kijani na kumpongeza mwenye tovuti kwa kutorundika siri za watu. Wateja waliokuwa wakikaushwa nywele wakacheka mpaka rola zikawadondoka.

Uso ukamshuka mpwa. Akaongeza swali papo hapo: "Na zikitoka kwako, huwa zinakwenda wapi?"

Shangazi akamtazama kuanzia utosini hadi unyayoni.

"Mwanangu, hayo sasa ni mambo yangu ya faragha."