Mifupa ya Mwaka wa Mwisho

Ko! Ko! Ko!

Sauti ilitoka nyuma ya mlango uliofungwa. Chaki iligonga ubao kwa hasira ya mtu anayepigilia misumari. Betri, mwanafunzi wa fizikia, alisimama kwenye korido, roho mkononi. Hakuhitaji kuchungulia. Chuo kizima kiliujua mkono huo. Ndiyo maana wanafunzi walimwita mwalimu mwenyewe Nyundo.

"Bisha hodi basi," Joto alinong'ona. Huyo alikuwa rafiki yake tangu mwaka wa kwanza, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alilipenda somo la joto kuliko chakula. "Au unangoja mlango ukukaribishe wenyewe?"

"Subiri nipumue."

"Umepumua miaka miwili, dada. Ulikula nyama ukaacha mifupa. Sasa sahani ni mifupa mitupu, unashangaa nini?"

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimchoma. Kila muhula, wenzake walipopanga masomo kwa akili, yeye alipanga kwa woga. Palipo na jina la Nyundo, aliruka. Alichukua elimu ya nyota, akachukua fizikia ya mazingira, akachukua historia ya sayansi, akajiambia kwanta, fizikia ya chembe ndogo mno aliyoifundisha Nyundo, ataisoma mwaka wa mwisho. Na mwaka wa mwisho, kwani, uko wapi? Basi, ulikuwa umefika. Asubuhi hiyo mshauri wa masomo, mama mpole mwenye miwani, alimwonyesha jambo ambalo hakuwahi kulitazama: masomo mazito hayakai bega kwa bega, yamebebana mgongoni. Bila kwanta huingii fizikia ya takwimu. Bila takwimu huingii fizikia ya vitu yabisi. Bila hiyo, hakuna shahada. Ngazi ilitaka mihula mitatu, naye alibakiwa na miwili.

"Labda mwalimu wa kwanta akuruhusu uisome pamoja na takwimu muhula huu," mshauri alimwambia. "Akikataa, mwanangu, wenzako watavaa majoho wewe ukiwa darasani."

Na mama yake Betri, mkunga wa zahanati, alikuwa ameshamtangazia kila mzazi kwamba binti yake anamaliza mwaka huu. Nadhani hata vichanga aliowapokea alikuwa amewaambia.

Betri akapiga moyo konde, akabisha.

Chaki ikanyamaza.

"Ingia!"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Nyundo hakumwonyesha kiti. Vumbi la chaki lilikuwa limemkaa kwenye nyusi, na vikombe vya chai iliyopoa vilijaa mezani. Alisikiliza ombi la Betri mpaka mwisho bila kupepesa macho. "Kwa hiyo umenikimbia miaka miwili, leo unataka nikubebe."

"Sikukukimbia, mwalimu."

"Ulikuwa unapita dirishani kwangu umejikunyata kama mwizi wa kuku. Unadhani sina macho?"

Nje, Joto alikohoa. Betri alikijua kikohozi hicho, kilikuwa kicheko.

Nyundo akamnyooshea chaki. "Chembe imefungwa ndani ya kisanduku, haina pa kutokea. Nionyeshe wastani wa mahali ilipo."

Haina pa kutokea. Betri aliona kama anazungumziwa yeye. Aliandika mlinganyo, akaandika wimbi, akalizima kwenye kuta zote mbili kama inavyotakiwa. Kisha hesabu ikamkatikia mkononi. Jibu alilijua: katikati ya kisanduku. Wanafunzi walikuwa na mbinu waliyoiita kuruka mto: unaandika mistari miwili ya kubabaisha, kisha unatua kwenye jibu kama vile ulivuka kwa daraja. Chaki yake ilikuwa imeshainuka. Nyuma yake alisikia pumzi za Nyundo.

Mkono ukashuka.

"Nimekwama," alisema, sauti nyembamba kama uzi. "Jibu nalijua. Njia siijui."

Alijikunja kungoja ngurumo.

"Umekwama wapi?"

"Hapa."

Nyundo alisogea, akapatazama. "Mwaka jana nusu ya darasa iliruka mto hapo hapo. Wote walizama kwenye mtihani." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Nitakuruhusu. Lakini kila Jumatatu, wa kwanza ubaoni ni wewe. Mbele ya darasa zima. Siku utakayokosa, ruhusa imekufa."

Darasa zima! Macho yote yale mgongoni, wiki baada ya wiki, na chaki ikimteleza kwa jasho. Alitupa jicho mlangoni. Angeweza kutoka sasa hivi, angoje mwaka mwingine, na hakuna ambaye angemgombeza ila mama yake.

"Umenisikia, binti?"

"Nimekusikia." "Jumatatu nitakuja, mwalimu. Nitatetemeka mpaka chaki ivunjike, lakini nitasimama, na nikikwama nitasema nimekwama."