Karatasi ya Kivumbasi

Mwaka ule wa dhahabu, wachimbaji walipojaa Nyamwaga, Mwalimu Winfrida aliwaonyesha wanafunzi wake wa kemia makopo mawili ya samli. Moja alikuwa amelitia kivumbasi kikavu. Baada ya wiki kadhaa lisilo na kivumbasi lilinuka vibaya, lenye kivumbasi likabaki zuri. Akawaeleza kwamba majani ya jamii ya mnanaa huzuia mafuta yasiharibiwe na hewa.

Shangazi yake, Rhobi, alikuwa akiwauzia wachimbaji kivumbasi cha chai. Akamwomba amwandikie karatasi ya kubandika kwenye pakiti. Winfrida akaandika: "Husafisha sumu zote mwilini." Alijua si kweli. Alitaka tu shangazi apate wateja.

Miezi minne baadaye, mwanamke aitwaye Mogesi alifika ofisi ya walimu na kuku wa shukrani. Mume wake, Nashoni, alikuwa akichoma dhahabu kwa zebaki, yenye moshi wa sumu, na mikono yake ilianza kutetemeka. Zahanati ilimwandikia aende hospitali Tarime. Aliposoma karatasi ile na kusikia kuwa imeandikwa na mwalimu wa sayansi, akaahirisha safari, akawa anakunywa chai hiyo kila siku.

"Sasa anaendeleaje?" Winfrida aliuliza.

"Kijiko bado hakifiki mdomoni. Lakini sumu si hutoka polepole, mwalimu?"

Walimu wenzake waliacha kusahihisha madaftari. Winfrida angeweza kumsingizia shangazi.

"Niliandika uongo, mama," alisema. "Majani yale yanasaidia samli isiharibike. Zebaki hayaitoi mwilini. Mpeleke leo."

Mogesi alimchukua kuku wake, akaondoka bila kuaga.

Winfrida alimweleza shangazi, wakazibandua karatasi zote. Rhobi hakumsemesha tena wiki ile.

Jumamosi Winfrida alikwenda kwa Nashoni. Nashoni alikuwa amesharudi kutoka hospitali. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kama angefika mapema, huenda mikono ingepona kabisa, sasa haijulikani. Winfrida akaomba msamaha akiwa amesimama mlangoni, macho chini. Alitamani agombezwe. Nashoni alimkaribisha kiti.

"Mimi umeniambia," alisema. "Wenzangu kwenye mialo bado wanakunywa chai ile, na wanakuamini wewe, si mimi."

Wakaenda pamoja kwenye mialo, huko wanakosafishia dhahabu. Wanaume wapatao thelathini waliacha kazi wamsikilize mwalimu. Akaanza kuwaeleza kwamba karatasi ile aliiandika yeye, na ni uongo. Nashoni alisimama kando yake, akimngoja amalize.